Unguja Waliniita Mize

Kila mteja anayeingia kibandani kwangu tangu nirudi anaanza na lile lile: "Zainabu, tumesikia ulikamatwa Unguja." Mmoja kasikia niliiba hotelini. Mwengine kasikia nimefungwa na kutolewa kwa dhamana. Mama Halima, jirani yangu, alikuja na sahani ya vitumbua akakaa kitako mpaka adhana ya alasiri, nami nikamweleza vipande vipande tu kwa sababu siku hizi nikianza kuisimulia habari hii mikono hainitulii, sindano inanichoma. Kwa hiyo nimeona bora niandike yote mara moja, tangu nilipotoka mpaka niliporudi, kila mtu asome.

Tanga hadi Malindi

Nilikuwa nakwenda harusini. Salma, mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea mimi mwenyewe. Alipomaliza masomo akapata kazi ya mapokezi katika hoteli moja kubwa ya Kiwengwa, na huko huko akapata mchumba. Hoteli iliwaruhusu kufanyia sherehe ya wanawake katika ukumbi wake. Gauni la bibi harusi nimelishona mimi, rangi ya maziwa, mikono mirefu, shanga nimezitia moja moja. Sikukubali liwekwe kwenye buti la basi. Nililipakata njia nzima, na basi lilipopasuka tairi kabla ya Chalinze nilishuka nalo, nikasimama nalo kivulini huku nakula hindi la kuchoma kwa mkono mmoja. Fundi alikuja, akaenda, akarudi. Boti ya Unguja niliyoikusudia ikanipita, nikapanda ya alasiri.

Bahari ilikuwa imechafuka. Mama mmoja wa Pemba aliyekaa karibu yangu alinipa kipande cha ndimu nikinuse, akanisomea dua, kisha akatapika yeye. Tulicheka wote wawili. Hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka ambacho hakikuwa na wasiwasi ndani yake.

Tuliposhuka bandari ya Malindi, Unguja, tukapitishwa kwenye ukumbi wa kampuni ya boti. Mlinzi kijana mwenye sare ya buluu alitazama simu yake, akanitazama mimi, akaja mpaka nilipo.

"Bi Mize, karibu. Subiri kidogo hapo pembeni."

Nilidhani ndio ukarimu wao, au kanifananisha na jirani yake. "Ahsante, mwanangu. Lakini mie si Mize. Naitwa Zainabu."

"Mashine inasema wewe Mize."

"Mashine ipi?"

Akanionyesha juu ya mlango. Palikuwa na kitu cheusi cha mviringo, kama bakuli lililofunikwa darini. Nilikaa kwenye benchi watu wakipita mbele yangu na mizigo yao, kila mmoja akinitupia jicho. Kijana alichukua kitambulisho changu, akapiga simu, akazungumza kwa sauti ya chini. Mwisho akanirudishia.

"Nenda, bibi. Tutakuona tena."

Nikadhani ananiaga kwa heshima. Nikamjibu inshallah.

Kiponda, kwa Khadija

Nililala Mji Mkongwe kwa Khadija, tuliyesoma naye Tanga zamani kabla hajaolewa Unguja. Nyumba yake iko Kiponda, ghorofa ya pili, ngazi zake zimesimama wima mpaka unazipanda kwa kushika ukuta. Alikuwa ametengeneza mkate wa ufuta na samaki wa kupaka. Nikamsimulia habari ya Bi Mize, akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kanga.

Binti yake, Zuhura, hakucheka. Zuhura ni wakili, ana ofisi ndogo chini ya nyumba hiyo hiyo.

"Khalati, alikupiga picha?"

"Sijui. Alikuwa na simu mkononi."

"Basi kakupiga." Akaweka kikombe chini. "Ile ni kampuni binafsi ya ulinzi. Wana kamera kwenye ule ukumbi na kwenye hoteli kadhaa za pwani. Mtu akishatiwa sura yake mle, kila anapopita wanaambiwa. Hajui katiwa lini, katiwa na nani, wala kwa kosa gani. Na wewe sasa umetiwa kwa sura ya mtu mwengine."

"Usimtishe mgeni," Khadija alisema.

"Simtishi, mama. Namwambia ajue."

Nilitaka kulala nikashindwa. Asubuhi nilitoka kununua uzi nikajikuta natembea nikitazama juu: pembe za maduka, vichwa vya milango, nguzo za umeme. Katika kichochoro kimoja nilipoiona kamera juu ya duka la dhahabu nilijifunika uso kwa mtandio, halafu nikajishangaa. Mtu asiye na kosa anajificha nini? Nikaufunua. Hatua chache mbele nikaufunika tena.

Kiwengwa

Shemeji yake Salma alinifuata kwa gari. Njiani alizungumza mpira, nami nikaitikia bila kumsikia. Kwenye lango la hoteli alishusha kioo, na kabla hajasema neno nikaona taa nyekundu inawaka ndani ya kibanda cha walinzi.

Walikuja wawili. Mwanamume alimwambia shemeji aingie na gari. Mwanamke, msichana wa bara aliyejitambulisha kwa jina la Neema, aliniomba nishuke.

"Mama, samahani. Ni maswali mafupi tu."

Nilishuka na gauni langu mkononi. Walinipeleka chumba kisicho na dirisha, nyuma ya jiko la hoteli, kinachonukia biriani ya harusi yetu wenyewe. Simu yangu wakaichukua. Gauni wakalitoa kwenye mfuko, wakalipapasa mikono, wakaligeuza ndani nje. Mwanamume akaniambia nivue mtandio.

"Kwa nini?"

"Kompyuta inataka kuona sura yote. Mpaka masikio."

"Sivui mbele yako."

Akamtazama Neema, akatoka. Neema alisimama mlangoni kanipa mgongo, nami nikavua. Nikafikiri angalau tuko wanawake peke yetu. Ndipo sauti ya mwanamume ikatoka kwenye kipaza sauti ukutani, mtu aliyekuwa mjini kwenye ofisi yao, ikasema, "Geuka kushoto. Sasa kulia. Inua kidevu." Nilihisi kama nimevuliwa zaidi ya mtandio. Niligeuka kushoto, nikageuka kulia. Mpaka leo sijui kwa nini nilitii.

Kwenye kioo cha kompyuta walitia sura mbili. Mmoja mimi. Mwengine mwanamke mwenye kitambaa cha ukaya kichwani, nguo zimelowa mpaka kiunoni, mdomo wazi kama aliyekatizwa akisema. Chini yake pameandikwa Mize, mvamizi, mchochezi. Picha ilikuwa na ukungu kama iliyopigwa kutoka mbali.

"Kafanya nini huyu?" nikamwuliza Neema.

Alijibu akitazama mlango. "Ni mkulima wa mwani wa hapa hapa. Hoteli ilipofunga njia ya kwendea pwani, yeye na wenzake walikaa kitako njiani. Wakapigwa picha. Toka siku ile kila akisogea karibu anashikwa. Wenzake wakaogopa. Watu wanasema kahamia Tumbatu, kwa upande wa mama yake."

"Na wewe unaona nafanana naye?"

"Hamfanani, mama. Hata pua hamfanani." Akaniletea soda na andazi. "Lakini mimi siulizwi."

Saa zikapita. Nilisikia vigelegele ukumbini, nikajua bibi harusi kaingia. Nilisimama, nikakaa, nikazunguka meza, nikasimama tena. Nilibisha mlango nikaomba angalau gauni lipelekwe. Nikaambiwa liko kwenye uchunguzi. Salma aliolewa kwa gauni la kuazima la mfanyakazi mwenzake, limebanwa pini mgongoni, na nimeliona kwenye picha tu.

Jioni alikuja askari wa kituo cha karibu. Alisoma kitambulisho changu, akawauliza wale walinzi kama kuna kesi yoyote. Haipo. Akawauliza kama kuna kesi ya huyo Mize mwenyewe. Nayo haipo. Akawaambia waniachie. Salma alinikuta nje ya kile chumba, hina mikononi, wanja umemtiririka mpaka mashavuni. Aliniegemea tu, uso kaugeuzia pembeni wanja usinichafue.

Asubuhi yake ndipo tulipoitwa na msimamizi wa kampuni ya ulinzi, bwana mmoja mpole wa maneno aitwaye Fadhili. Alituagizia juisi.

"Bibi, tunasikitika. Tatizo ni kwamba picha yetu ya Mize si nzuri, ndiyo maana mtambo unawachanganya. Tukipata picha yake safi, ya karibu, tutawatenganisha. Nyie wanawake mnafikiana kirahisi. Ungetusaidia, ungejisaidia." Kisha akamtazama Salma. "Maana hoteli nayo inajiuliza, mfanyakazi wa mapokezi ana uhusiano gani na mtu huyu."

"Huyu ni mama yangu mdogo," Salma alisema. "Nshakwambieni."

"Sisi tunajua. Mtambo ndio haujajua."

Tulipotoka Salma alinishika mkono. "Mamdogo, nikipoteza kazi hii na mume wangu bado hajaajiriwa, tutakula nini? Ni picha tu."

Nikamwambia nitakwenda kuitafuta.

Mkokotoni na Tumbatu

Mkokotoni nilifika soko limechangamka. Nilimwuliza muuza samaki kama anamjua Bi Mize wa Kiwengwa. Akaniuliza nataka dagaa wa kiasi gani. Nikanunua. Nikamwuliza wa pili, naye akaniuzia dagaa. Nilifika kwenye boti ya kuvukia nina mifuko ya dagaa kila mkono na sijapata jibu, na nahodha akanambia, "Bibi, biashara ya dagaa wa kupeleka Tumbatu kwa wavuvi wenyewe hujaifikiria vizuri." Watu wote botini wakacheka, nami pia. Nilielewa baadaye: walidhani nimetumwa na hoteli. Na kwa kweli nilikuwa nimetumwa.

Tulishukia kijiji cha Jongowe. Mama mmoja mtu mzima nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia marahaba, kisha akasema maneno mengi ya Kitumbatu ambayo nilishika nusu yake. Nikajieleza upya, polepole. Nikamwambia kweli yote: naitwa Zainabu, natoka Tanga, nimekamatwa kwa jina la Mize. Hapo akanishika kidevu akanitazama usoni kwa utulivu, kama mtu anayekagua kitambaa. Akatikisa kichwa. Akanipeleka.

Mize alikuwa uani anaanua dagaa. Mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mkubwa kidogo kwangu kwa umri, mwenye mwanya na kovu dogo juu ya jicho. Mnanijua nilivyo, mrefu na mwembamba kama ufito. Tulitazamana. Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kuona kioo, na mbele yangu yuko mtu mwengine kabisa.

"Wewe ndiye mie?" aliniuliza.

"Wanasema."

"Karibu ndani, basi. Wewe wa tatu."

Alinieleza wakati tunakula muhogo wa nazi na dagaa aliowakaanga. Kabla yangu alikwishashikwa mwanamke wa Jambiani aliyekwenda kuomba kazi ya usafi hotelini, na mwalimu mmoja wa mjini. Wote kwa sura yake. Yule wa Jambiani hakupewa kazi. Mize mwenyewe hajakwenda mjini tangu ahame. Mtoto wake alilazwa hospitali, akamwachia dada yake amuuguze, kwa kuogopa kuwa hata huko zipo kamera.

"Nnajua labda hazipo," alisema. "Lakini nitajuaje? Nikisikia pikipiki nashtuka. Nikiona mtu kashika simu nageuza uso. Mie sikuiba, Bi Zainabu. Nilikaa njiani. Njia aliyopita mama yangu na bibi yangu kwenda kufunga mwani."

Simu yangu ilikuwa mapajani, chini ya kanga. Ningeweza kuiinua nikijifanya natafuta mtandao. Nilimfikiria Salma na ile mikono ya hina. Mkono wangu ulifika mpaka kwenye simu, ukakaa hapo. Kisha nikaitoa nikaiweka juu ya mkeka kati yetu, kioo chini.

"Nimetumwa kukupiga picha," nikamwambia. "Nikiipeleka, mie naachiwa na mwanangu anabaki kazini."

Aliendelea kula kidogo. Hakukasirika, na hilo lilinikera zaidi.

"Na mie?"

"Wewe watakujua vizuri zaidi."

"Picha sikupi," alisema. Akanawa mikono. Akakaa muda mrefu anaikausha kwa pindo la kanga, kidole kimoja kimoja. "Lakini nimechoka kukaa hapa kama mkimbizi kwenye kisiwa cha mama yangu. Huyo mtoto wa rafiki yako uliyenitajia, wakili, ni mtu wa kweli?"

"Ni mtu wa kweli."

"Basi ntakwenda mwenyewe. Waniangalie kwa macho yao."

Ofisini, mjini

Zuhura aliandika barua kwa kampuni kisha akatupeleka. Ofisi yao iko nje kidogo ya Mji Mkongwe, ina baridi ya kiyoyozi na maua ya plastiki. Mize alikaa ukingoni mwa kiti, akifunga na kufungua fundo la ukaya wake. Mimi nilisimama. Kukaa kulinishinda.

Bwana Fadhili alipotuona wote alifurahi, akidhani nimemletea alichoagiza. Zuhura akamwambia tuna ombi moja dogo kabla ya mazungumzo: wateja wake wasimame pamoja mbele ya kamera ya ofisi hiyo. Bwana Fadhili akasita, kisha akakubali, labda akiamini hapo ndipo tutakapotenganishwa.

Tulisimama bega kwa bega, ingawa bega lake linanifika kwenye kiwiko. Kwenye kioo kikubwa ukutani mraba mwekundu ulizunguka uso wake, ukaandika Mize. Mraba wa pili ukazunguka wangu. Mize.

Karani aliyekuwa anapanga faili aliacha akatazama.

"Huu mtambo unaendelea kujifunza," Bwana Fadhili alisema.

"Wakati unajifunza, huyu kakosa harusi ya mwanawe," Zuhura alimjibu. "Na huyu kakosa kumuuguza wake. Nani aliwauliza kama wanakubali sura zao zichukuliwe? Kuna hukumu gani juu ya Bi Mize? Kuna kesi gani?"

Bwana Fadhili alitoka kupiga simu, tukamwona kupitia kioo cha mlango akienda na kurudi. Aliporudi alikuwa na sura ya mtu aliyepata ufumbuzi. Bi Mize, alisema, ataondolewa kwenye mtambo mbele yetu. Na mimi nitaondolewa pia, ila mimi nitahitajika kupigwa picha rasmi, mbele na pande zote, nitoe na alama za vidole, ili mtambo unitambue kuwa ndiye Zainabu na usinisumbue tena popote.

"Yaani nisishikwe kwa jina la mtu," nikamwuliza, "lazima nikupe langu?"

"Ni kwa usalama wako, bibi."

Nilimwambia sitaki. Mara ya kwanza niligeuka kushoto na kulia nilipoambiwa. Mara hii sikugeuka.

Alimfuta Mize mbele yetu, tukaona jina linatoweka. Zuhura akauliza kama na hoteli zina nakala. Akasema kila hoteli ina ya kwake, na zipi zinayo hawezi kusema. Hiyo ndiyo hali ilivyo. Mnaoniuliza kama nimeshinda, sijui niwajibu nini. Zuhura amefungua shauri kwa niaba yetu na yule wa Jambiani na yule mwalimu, na bado linaendelea. Salma waliambiana na meneja wake maneno makali siku ile ile, akaacha kazi kabla hajaachishwa. Alininunia siku kadhaa. Sasa anapigiwa simu na hoteli ndogo ya Paje, na mume wake amepata kibarua. Gauni nilirudishiwa limekatika shanga. Sijalirekebisha.

Kiwengwa tena

Kesho yake baada ya kutoka ofisini, Mize alitaka kwenda Kiwengwa. Zuhura alituambia tungoje mpaka tujue hoteli ile imefuta au haijafuta. Mize akasema maji ya bamvua yakitoka hayangoji simu ya mtu. Nami nilikuwa na boti ya kurudi, nikaiacha.

Njia yenyewe ni nyembamba, kati ya ukuta wa hoteli na miti ya mivinje. Mwanzoni mwake palikuwa na mlinzi nisiyemjua, na juu yake kamera. Simu yake ikalia mlio wa haraka haraka. Akaitazama, akatutazama, hakujua aanze na nani.

"Simameni hapo. Nampigia mkubwa."

"Mpigie," Mize alimwambia. "Sisi tunateremka, maji yashatoka."

Akampita. Nami nikafuata nyuma yake. Nilisubiri mkono unishike begani. Nilimsikia akisema kwenye simu, "Wako wawili... Ndiyo, wawili, wote ni yeye," na halafu tena, "Sasa nimshike yupi?"

Tukatokea pwani. Maji yalikuwa mbali, mchanga umeacha madimbwi, na huko mbele wanawake wameinama kwenye kamba zao za mwani. Wachache, Mize aliniambia, hata nusu ya zamani hawafiki. Alivua viatu akavishika mkononi. Alisimama, na nikaona kuwa anaogopa, si mlinzi, bali wale wenzake, maana walipotawanyika hawakuagana.

Mmoja kati yao aliinuka kunyoosha mgongo. Akaweka kiganja juu ya macho kukinga jua. Tulikuwa mbali kiasi ambacho mimi sikuweza kujua kama ni kijana au mzee. Yeye aliita.

"Mize! Mize wee!"

Mimi sikugeuka. Mize aliitika naam, akapandisha kanga magotini, akaingia majini.